Zabuni ya Adui

Kamati ya Nishani imeniagiza niandike wasifu wa Wakili Kidawa Mshindo, Mwanasheria Mkuu wa Mikataba Isiyotajwa katika Wizara ya Utulivu na Tahadhari, nami nimekubali kwa sababu agizo la Kamati halikuwa na sehemu ya kukataa. Jina la nchi yetu sitalitaja. Lilifanywa siri ya serikali zamani, pale ilipogundulika kwamba maadui wa nchi yoyote huanza kwa kujua inaitwaje. Tangu hapo pasi zetu za kusafiria zina nafasi nyeupe pale juu, na wachache wanaosafiri huambiwa wakiulizwa waseme wametoka kwao.

Kwanza niseme kwamba Wakili Kidawa ni mtu mwema. Nimezungumza naye ofisini kwake mara kadhaa, na maswali yangu yote alinijibu kwa sauti ileile anayosomea mikataba, haipandi wala haishuki. Aliyonieleza nimeyaandika kama alivyonieleza. Sikuona la kuficha, maana kila alichofanya kilikuwa halali.

Aliingia wizarani akiwa binti aliyetoka tu chuo kikuu, na wakati huo, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa bado anashangaa. Kazi yake ya kwanza ilihusu mnara. Serikali ilikuwa imempa mkandarasi kazi ya kujenga mnara wa ulinzi mpakani, mrefu kuliko mnazi, na kwa sababu za kiusalama usionekane na mtu yeyote. Kidawa akatumwa kuukagua. Alizunguka nyikani kutwa nzima, akarudi na mbigili kwenye sketi, akaandika ripoti kwamba mnara haupo.

Mkurugenzi wake, mzee mpole aliyekuwa karibu kustaafu, alimwita akamkalisha.

"Umeuona mnara?"

"Sikuuona, mzee."

"Na mkataba unasemaje?"

"Unasema usionekane. Lakini mzee, haupo kabisa."

"Binti yangu, ukiandika haupo, umeandika mahali ambapo nchi hii haina ulinzi. Unajua adui atafurahi kiasi gani akiipata karatasi hiyo?"

Kidawa akaichana ripoti. Akaandika nyingine iliyosema kwamba mkandarasi ametimiza sharti la kutoonekana kwa kiwango cha kupigiwa mfano. Mkandarasi akapokea malipo yake, akaongezewa na kazi ya kuupaka mnara rangi kila baada ya masika. Kidawa akapandishwa cheo. Aliniambia siku hiyo alikwenda chooni akalia kidogo, na haikumbuki siku nyingine aliyolia kazini. Nilimuuliza kama jambo lile linamuuma mpaka leo. Akasema hapana, ni kama jino lililotiwa ganzi, unajua lipo ila huna habari nalo.

*

Sifa kubwa ya Wakili Kidawa, ambayo Kamati iliniomba niikoleze, ni kwamba mikataba yake haina tundu. Mawakili wengine huandika mkataba wakaacha upenyo huku na kule, mtu mwerevu akapenya. Mkataba wa Kidawa ukishatiwa saini umefunga. Wakandarasi walijaribu, mawaziri walijaribu, hata jaji mmoja wa Mahakama ya Faragha alijaribu. Mahakama hiyo, kwa wasioijua, ndiyo inayosikiliza kesi za usalama wa taifa. Jaji huketi akiwapa mgongo mawakili ili asijue nani anasema nini, na hukumu husomwa kimoyomoyo. Kidawa hakushindwa humo hata siku moja, au angalau hakuna aliyesikia kwamba ameshindwa.

Nyumbani hakuwa na mume wala watoto. Alikuwa na mdogo wake wa kiume, Kombo, baba mmoja mama mmoja, ambaye wazazi walipofariki alimlea yeye. Kombo hakupenda shule. Alipenda nyaya. Alikuwa fundi wa vipaza sauti, na mji mzima ulimjua. Harusi, maulidi, mkutano wa hadhara, msiba wa mtu mzito, alikuwepo yeye na ngazi yake, na fulana iliyochafuka masizi. Alikaa chumba cha uani kwa dada yake, na jioni walikula pamoja. Kidawa aliniambia kwamba wakati wa chakula Kombo ndiye aliyezungumza, yeye akisikiliza. Aliniambia pia kwamba ndicho kitu pekee katika siku nzima alichokuwa akikingojea.

Hilo aliniomba nisiliandike, halafu akasema haidhuru.

*

Sasa nifike kwenye zabuni yenyewe.

Mwaka huo serikali yetu tukufu ilikuwa imekwisha kuagiza vifaru. Vilikuwa vizuri sana, vyenye viti vya ngozi. Ila Mkaguzi wa Hesabu za Umma, mtu asiye na adabu ambaye baadaye alipelekwa kukagua hesabu za ule mnara na bado anautafuta, akauliza vifaru hivyo ni vya kumpiga nani. Sheria ya Ununuzi inasema kitu hakinunuliwi bila hitaji. Hitaji la kifaru ni adui. Wizara ikapekua makabati yake yote, adui hakupatikana. Tukawaandikia majirani zetu barua ya heshima kuwauliza kama wangependa. Mmoja akajibu kwamba ana shughuli nyingi mwaka huu, mwingine akatutumia kalenda.

Waziri wa Utulivu na Tahadhari, Mheshimiwa Tindwa, akaamua adui anunuliwe kwa zabuni ya wazi, isipokuwa kwamba ilikuwa ya siri. Kampuni za nje zilileta maombi mazuri. Moja iliahidi adui aliyefunzwa, mwenye bendera yake, pamoja na vipuri. Lakini hapo tena sheria ikaingilia kati. Nchi yetu ina Sheria ya Mzawa Kwanza, inayotaka sehemu kubwa ya bidhaa yoyote ya serikali itoke hapa nchini. Mheshimiwa Tindwa alilieleza Bunge jambo hili kwa uchungu.

"Waheshimiwa, mpaka lini?" alisema. "Mpaka lini tutaendelea kuagiza maadui kutoka nje, wakati tunao wenye uwezo na vipaji hapa hapa nyumbani? Adui wa nje anakula fedha za kigeni. Adui wa nje hajui mila zetu. Mimi nasema adui wa taifa hili atatoka kwenye udongo wa taifa hili, na tutajivunia."

Wabunge wakapiga meza. Zabuni ikaenda kwa kampuni ya Fukuto na Wanawe, ambayo mpaka wiki hiyo ilikuwa ikiuza magodoro, na ambayo mmiliki wake, Bwana Fukuto, ni shemeji wa Waziri kwa bahati nzuri tu.

Mkataba aliuandika Kidawa. Aliuandika kwa umakini wake wa siku zote. Adui awe raia wa kuzaliwa. Awe mtu mzima mwenye nguvu zake. Awe na ujuzi wa vifaa vyenye waya. Awe mtu ambaye watu hukusanyika alipo. Asiwe mwanachama wa chama chochote, ili chama kisidai fidia. Akishapokelewa, atatunzwa katika ghala la Wizara kwa muda wote ambao vifaru vitamhitaji, na vifaru, kwa mujibu wa waliovitengeneza, havizeeki. Mnunuzi hawezi kuvunja mkataba. Muuzaji hawezi. Mahakama haiwezi. Adui mwenyewe hakutajwa kabisa kama mtu anayeweza kutaka chochote.

"Ulifikiri nini ulipokuwa unaandika?" nilimuuliza.

"Nilifikiri kuhusu koma," alisema. "Koma zikikaa vibaya zinaharibu."

*

Kabla adui hajapokelewa, sharti mwanasheria athibitishe kwamba amelingana na vipimo. Bwana Fukuto akaja ofisini asubuhi moja, amevaa suti mpya yenye lebo bado mkononi, akaweka picha mezani.

"Mama Wakili, mali safi hii. Tumezunguka nchi nzima."

Kidawa akaitazama picha. Ilikuwa imepigwa kutoka chini. Mtu yuko juu ya ngazi, amening'iniza waya shingoni, anacheka na mtu ambaye hayumo kwenye picha.

"Huyu ni Kombo," alisema.

"Ndiyo jina lake hilo. Vijana wangu wamemfuatilia. Kila anapokwenda, watu wanajaa. Ana nyaya chumba kizima. Chama hana."

"Anafunga spika kwenye harusi, Bwana Fukuto. Watu wanajaa kwa sababu ni harusi."

"Mkataba haukusema wajae kwa sababu gani."

"Ni mdogo wangu. Tumebaki wawili."

Bwana Fukuto si mtu mbaya. Alivua miwani, akaipangusa, akasema pole kwa dhati kabisa. Kisha akasema kwamba bidhaa imekidhi vipimo vyote, vipimo si vyake, na kwamba kuthibitisha ni kabla ofisi hazijafungwa jioni, kwa sababu sherehe ya mapokezi imekwisha kutangazwa na maturubai yamekodiwa.

Kidawa akapanda ghorofani kwa Waziri. Mheshimiwa Tindwa alikuwa anakula papai. Alimsikiliza mpaka mwisho, na alihuzunika, nimeambiwa, hata akasogeza sahani pembeni.

"Kidawa, wewe ni kama mwanangu," alisema. "Lakini fikiria. Leo tukimtoa huyu kwa kuwa ni mdogo wako, kesho atakuja mwingine atasema huyo ni mjomba wangu. Kila mtu katika nchi hii ni ndugu wa mtu. Tukianza hivyo tutakosa adui kabisa."

"Basi tuvunje mkataba, Mheshimiwa."

"Kama unaweza kuuvunja, uvunje. Mimi sitakuzuia hata kidogo." Akairudisha sahani mbele yake. "Kwani si wewe uliyeuandika?"

*

Alirudi ofisini kwake, akafunga mlango, akausoma mkataba wake mwenyewe kama anavyosoma wa mtu mwingine, akitafuta pa kupenya. Kifungu kwa kifungu ulikuwa umefunga. Aliniambia kwamba mahali fulani katikati alijikuta anausifu. Aliona sentensi moja nzuri sana, akasahau kidogo anatafuta nini.

Kisha, karibu na mwisho, akakuta kitu ambacho hakukiandika yeye. Niseme ukweli, kilikuwa kosa, na ni kosa la wizara zetu zote. Hakuna mwanasheria wa serikali anayeanza mkataba kwenye karatasi tupu. Huchukuliwa mkataba wa zamani, yakabadilishwa majina. Huu wa adui ulitokana na mkataba wa matairi ya magari ya Wizara, na katika kubadilisha, karani alipaswa kufuta kifungu kimoja akasahau, na Kidawa akakipita kwa sababu matairi amekwisha kuyazoea. Kilisema hivi: bidhaa ikionekana kuwa na kasoro kabla ya kupokelewa, mnunuzi anaweza kuirudisha, kwa mara moja tu, mradi siku hiyohiyo ataje yeye mwenyewe bidhaa mbadala yenye sifa zinazolingana.

Alikisoma tena. Kasoro ilikuwepo. Bidhaa ilikuwa na dada wakili katika Wizara inayoinunua, na hiyo inatosha kuwa kasoro mbele ya jaji yeyote, hata aliyekaa kwa kumpa mgongo. Hapo tatizo likawa moja tu. Kombo hatoki mpaka aingie mtu mwingine, na wa kumtaja, kwa niaba ya mnunuzi, ni yeye.

Nilimuuliza kama alifikiria kujitaja mwenyewe. Akasema alifikiria. Lakini yeye ni mwanachama wa Chama cha Mawakili, na kuhusu nyaya hajui lolote, kwa hiyo hakulingana. Alinijibu haraka, nikaona amekwisha kujiuliza swali hilo kabla yangu.

Jioni ilikuwa inakaribia. Akainua mkono kutazama saa ajue amebakiwa na muda gani, na ndipo alipomkumbuka aliyeitengeneza.

Mzee Ngwali alikuwa fundi saa na redio, kibanda chake kiko jirani kabisa na duka analonunulia Kombo vifaa. Mfupi, mkavu, mkono hautetemeki. Vifaa vyake vingi vina waya, ingawa mwembamba. Watu hukusanyika kwake jioni kusikiliza taarifa ya habari. Chama hana. Ile saa ya Kidawa ilikuwa ya marehemu mama yake, mafundi wote waliikataa, naye Mzee Ngwali aliikeshea akaifufua, na alipoulizwa malipo akasema mwambie tu Kombo anitengenezee spika yangu. Mke wake alikwisha kufariki. Mtoto hakujaliwa.

"Hilo ndilo lililoamua," Kidawa aliniambia. "Sifa nyingine zipo kwa wengi. Yeye hakuwa na mtu wa kumtafutia kifungu."

Akaandika jina lake. Bwana Fukuto akalipokea, akashukuru kwamba kibanda kipo njiani kuelekea kwake. Nilitegemea Wakili anieleze alijisikiaje. Alinieleza kwamba aliweka kifuniko kwenye kalamu, akazima feni. Nadhani alikuwa ananijibu.

*

Siku iliyofuata Kombo alirudi nyumbani mapema, hakuwa na ngazi. Kidawa alikuwa amepika wali na samaki wa kukaanga. Walikaa mkekani kama kawaida.

"Dada, umesikia? Wamemchukua Mzee Ngwali. Wanasema ndiye adui wa taifa."

"Nimesikia."

"Yule mzee? Yule hata inzi hafukuzi. Watu wako pale kibandani wamesimama tu, hawajui saa zao wazidai kwa nani." Kombo hakugusa chakula. "Wewe mambo hayo ndiyo kazi yako. Hamna namna?"

"Mkataba hauna tundu."

"Hata moja?"

"Lilikuwepo moja. Linatumika mara moja tu."

"Basi si ulitumie dada, kwa nini unakaa?"

"Limekwisha kutumika."

Kombo alimtazama. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na Kidawa aliniambia alikaa akisubiri maneno hayo yaanze.

"Lilitumika kwa nani?" Kombo aliuliza.

Kidawa akamtolea samaki miiba, kama alivyokuwa akimfanyia alipokuwa mtoto, akamwekea mnofu upande wake wa sinia. Kombo aliutazama ule mnofu kwa muda mrefu. Baadaye alinyanyuka, akanawa mkono ambao haukuwa umegusa kitu, akaenda chumbani kwake uani.

*

Sherehe ya Mapokezi ya Adui ilifanyika Uwanja wa Utulivu, na mimi nilikuwa nimekaa karibu na jukwaa, kwenye viti vya waandishi. Vifaru vilipita vinang'aa. Watoto wa shule waliimba. Wakili Kidawa alikuwa mstari wa mbele, kitambaa cha kijani kichwani, na ilipotangazwa kwamba atapewa Nishani ya Taifa ya Utulivu alisimama, akainama kidogo, akakaa. Mkaguzi hakuwepo kuuliza swali lolote.

Vipaza sauti vilifungwa na Kombo. Wizara ilikwisha kumpa kazi hiyo kabla ya mambo haya yote, kwa kuwa hakuna fundi mwingine mjini anayeweza uwanja mzima, na Wizara haikataliwi. Alipanda nguzo zote mwenyewe. Nawaambia ukweli, sauti ilikuwa safi. Miaka yote ya sherehe zetu spika hukoroma na kupiga mluzi, siku ile kila neno la Mheshimiwa Tindwa lilifika mpaka kwa wauza karanga nje ya geti.

Kisha akaletwa adui. Alikuwa amevalishwa koti la kijeshi la nchi isiyojulikana, mikono imezidi urefu, vidole havionekani. Alipewa karatasi asome kukiri kwake. Lakini mikrofoni ilikuwa imesimamishwa kwa kimo cha Waziri, na Mzee Ngwali akawa anaongea na chuma cha katikati. Ofisa mmoja akapunga mkono kumwita fundi.

Kombo akapanda jukwaani. Akafungua skrubu, akaishusha mikrofoni taratibu mpaka ikafika mdomoni kwa mzee, akaikaza. Akapiga mara mbili kwa kidole kuijaribu. Mzee Ngwali alimtambua, uso ukamlegea kwa furaha, na kwa kuwa mikrofoni ilikuwa wazi sisi sote tulimsikia.

"Ahsante, kijana wangu," alisema. "Hapo sawa. Dada hajambo?"

"Hajambo, mzee."

"Nisalimie sana dada yako. Mwambie nikitoka nitaipitia ile saa, isije ikawa inachelewa."

Kombo akasema atamwambia. Akashuka, akakaa nyuma ya mitambo yake, na mzee akasoma kukiri kwake mpaka mwisho, vizuri, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Wakili Kidawa alikuwa anatazama mbele.

Kombo amehama chumba cha uani, nasikia amepata kazi mji mwingine, na salamu zile hakuzifikisha. Labda aliona hazina haja, kwa vile zilisikika uwanja mzima. Lakini Wakili aliniambia kwamba salamu ya kusikia hadharani si sawa na ya kuletewa, na kwamba anaendelea kuisubiri. Huo ndio mwisho wa wasifu. Naiomba Kamati inijulishe kama umetosha.